Pima Udhaifu Wako Kabla ya Baruti

Mjukuu wangu! Ujumbe wako wa sauti umefika, na kwa kuwa simu ya Babu ni mali ya ukoo mzima, umeshasikilizwa na kila aliyepita sebuleni. Bibi yako alitaka ufutwe. Nimemwambia kijana anayeuliza kabla ya kutenda hafutwi, anajibiwa.

Unasema hapo Houston umejiunga na klabu ya kulenga shabaha, na kila mwisho wa wiki mnatoboa makaratasi kwa kujifurahisha. Una rivolva ya .38 Special. Risasi za dukani zimekuwa ghali, na wenzako wameacha kuzinunua: wanaokota maganda yao, wanayasafisha, wanapachika fataki mpya kwenye kitako, wanamimina baruti, wanakaza kichwa cha risasi juu yake, na kesho yake wako uwanjani. Mashine umenunua, mizani unayo. Kilichobaki ni baruti yenyewe, na ulipokwenda dukani ukakuta makopo yamejaa ukuta mzima, ukatoka mikono mitupu. Kisha mwishoni, kwa sauti ya chini, ukachomeka la pili: ukirudi nyumbani moja kwa moja, je, utaweza kuweka meza kama hiyo kwenye chumba cha juu hapa Kariakoo?

Sitakuimbia ya asiyesikia la mkuu. Umeyasikia tangu chekechea na guu lako bado zima. Nami nimechoka kuimba. Maisha yangu ya kazi yamekwisha kwenye karakana ya bunduki mjini, nikisugua mitutu ya wawindaji waliokuwa safarini kwenda Selous. Jioni, wakisubiri vibali vyao, wazungu wale hawakuwa na mazungumzo mengine ila baruti, na kila mmoja alikuwa na yake anayoiapia. Niliyoyaokota kwao, pamoja na niliyoyasoma kwenye vitabu walivyoniachia, naweza kukukabidhi kwa kauli moja: baruti haichaguliwi kwa nguvu zake, inachaguliwa kwa udhaifu wa mtu atakayeipima. Mengine yote nitakayosema ni kuifafanua kauli hiyo, nawe univumilie, maana mzee hafafanui jambo kwa mkato.

Kwanza ujue unachonunua. Baruti ya kale, ile nyeusi, ni shura, mkaa na salfa. Ndiyo waliyokuwa wakishindilia wazee wetu kwenye magobole. Inatoa moshi mzito, inaacha masizi yanayokula chuma, na cheche ndogo tu inatosha kuilipua hata ikiwa imemwagika mezani. Hiyo iache kabisa. Ya kwenye makopo uliyoyaona ni jamii nyingine, isiyotoa moshi, aliyoivumbua Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884 kutokana na nitroselulosi. Miaka michache baadaye Alfred Nobel akaichanganya na nitroglisarini. Hizo mbili ndizo koo za baruti za makopo ya leo: yenye nitroselulosi peke yake, na yenye vyote viwili. Ikiwa wazi haipasuki, huwaka tu, japo kwa ukali. Ikifungiwa mahali pasipo na pa kupumulia, gesi yake hutafuta njia kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayosukuma risasi.

Linalotofautisha kopo na kopo ni mwendo wa kuungua. Bibi yako aliyepikia kuni anaijua elimu hii bila kitabu: makuti huwaka na kwisha kabla maji hayajapata moto, gogo la mkoko hukaa mpaka maharage yaive. Mtutu wa bunduki ni mrefu, kwa hiyo unataka baruti ya mwendo wa pole ambayo itaendelea kusukuma risasi njia nzima. Mtutu wa rivolva yako haufiki hata shubiri. Ukiweka humo baruti ya pole, itakuwa bado inaungua wakati risasi imeshatoka, na utakachopata ni mwako mkubwa mdomoni, kishindo, na punje mbichi zilizomwagika kwenye mtutu. Ndiyo maana bastola ya kujifurahishia hupewa baruti ya haraka na kwa kiasi kidogo. Risasi inakwenda taratibu, bastola hairuki mkononi, na karatasi inatoboka vilevile, kwa sababu karatasi haijui mwendo.

Utaambiwa pia kuwa baruti ya haraka ni ya bei nafuu, nalo ni kweli. Ratili moja ina greini 7,000. Tuseme, kwa hesabu tu wala si kwa kipimo, kwamba risasi moja inakula greini 4: kopo moja la ratili litakupa risasi 1,750. Hapo ndipo vijana wengi hufunga mjadala, wakanunua iliyo kali kupita zote ili kopo lidumu. Nami hapo ndipo ninapoanzia mawaidha yangu.

Udhaifu wa kwanza ni kusahau. Risasi yako ya .38 Special ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19, wakati Wamarekani bado wanatumia baruti nyeusi, na ganda lake likatengenezwa refu ili limeze greini 21 za baruti hiyo. Leo unatia humo baruti ya kisasa ambayo kipimo chake mara nyingi hakifiki hata robo ya uzito ule. Sasa fikiri. Upo mezani usiku, maganda hamsini yamesimama kwenye kibao mbele yako, simu inalia, ni mama yako. Unaongea naye, unarudi, na hukumbuki ganda la mwisho ulilitia au hukulitia. Ukilitia mara mbili, baruti kali yenye kipimo kidogo itakaa chini kabisa ya ganda, na kwa juu utaona giza lilelile ulilolizoea. Bullseye, kwa mfano, ni baruti ya zamani yenye heshima. Imekuwepo tangu 1898, na mabingwa wameitumia kushinda medali. Lakini ganda la .38 linapokea kipimo cha Bullseye mara mbili bila hata kujaa, wala halikuambii kitu. Utaambiwa na bastola, siku silinda yake itakapopasuka mkononi mwako.

Kwa hiyo mtu wa shabaha za kujifurahisha, mwenye kazi, watoto na usingizi, anatakiwa atafute baruti iliyo nyepesi kwa umbo, inayochukua nafasi kubwa ndani ya ganda, ili akikosea akatia mara mbili, baruti ifurike mezani na imuumbue palepale. Unique, ya mwaka 1900, huchukua nafasi kubwa kidogo kuliko Bullseye. Trail Boss ilitengenezwa makusudi kwa ajili ya wanaopenda bastola za kikauboi zenye maganda makubwa ya enzi ya baruti nyeusi. Punje zake zina tundu katikati na hujaza ganda kwa uzito mdogo, ila watengenezaji wake wanaonya isishindiliwe wala kubanwa na kichwa cha risasi. Sikwambii ununue ipi kati ya hizo. Nakwambia sifa ya kwanza unayoitafuta kwenye kopo ni je, itanishitaki nikikosea? Nguvu utaiuliza baadaye, na huenda usiwe na haja ya kuiuliza.

Na hata ukipata inayokushitaki, usiache kuangalia. Taa iwe juu ya meza, na kabla hujakaza kichwa hata kimoja, pitisha macho ndani ya kila ganda kwenye kibao. Kina kiwe sawa kote. Ganda unalolitilia shaka limwage, ulipime upya. Baruti utakayoirudisha kwenye kopo haigharimu hata senti.

Udhaifu wa pili ni kupitiwa kwa upande wa pili: kutotia kabisa, au kutia pungufu mno. Vijana hudhani hilo ni salama kwa sababu hakuna baruti ya kudhuru. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa cha risasi mpaka ndani ya mtutu kikakwama humo. Utasikia mlio wa kinyonge, bastola haitaruka, na karatasi haitakuwa na tundu. Mtu mwenye haraka atavuta kifyatulio tena, na risasi ya pili itaikuta ya kwanza njiani. Mitutu iliyovimba tumboni imeshafikishwa kwenye meza yangu ya kazi, na wenyewe hudai bunduki ilikuwa mbovu. Mlio ukiwa tofauti, simama. Elekeza mtutu kwenye kifusi, subiri kidogo, toa risasi zote, chungulia mtutu ukiwa na hakika silaha ni tupu. Jumamosi ni nyingi, mjukuu wangu, na mikono ni miwili.

Udhaifu wa tatu ni kuchanganya majina. Wafanyabiashara wa baruti hawakukufikiria wewe walipokuwa wakibandika lebo. W231 na HP-38 ni baruti ileile yenye majina mawili. Upande mwingine ziliwahi kuuzwa Clays, Universal Clays na International Clays, ambazo jina ni la ukoo mmoja lakini mwendo wa kila moja ni tofauti, na kipimo cha hii kikitumika kwa ile ni msiba. Dawa yake ni ndogo na haina gharama: mezani pawepo kopo moja tu kwa wakati mmoja. Ukimaliza, baruti iliyobaki kwenye kimiminio cha mashine irudi kwenye kopo lake kabla hujagusa jingine. Baruti uliyoikuta kwenye chupa isiyo na lebo, hata kama mwenyewe anakuapia ni fulani, usiitumie. Usiinuse ukadhani umeitambua, wala usiilinganishe na nyingine kwa rangi. Karibu zote ni kijivu au nyeusi, na macho ya mwanadamu hayajapata kusoma mwendo wa kuungua.

Udhaifu wa nne ni kiburi cha kubuni. Kila mtengenezaji wa baruti hutoa kitabu cha vipimo alivyovijaribu kwenye mitutu ya maabara yenye vyombo vya kupimia msukumo. Wewe huna vyombo hivyo. Una mkono na shavu tu. Kitabu kitakutajia kipimo cha kuanzia na kipimo cha mwisho. Anza na cha kuanzia, tena kwa kichwa cha uzito uleule kitabu kilichotaja, na ukikuta makundi ya matundu yako karatasini yamekaa karibu, baki hapohapo. Hakuna mtu aliyepewa kikombe kwa kufika kipimo cha mwisho. Halafu usidhani kwenda chini kuliko kitabu ndiyo hekima zaidi. Ipo baruti iitwayo H110, ya bastola za kuwindia, ambayo ukiipunguza sana inaungua vibaya na kukwamisha kichwa mtutuni. Baruti hiyo ni nzuri kwa wenyewe, na haina kazi yoyote kwa mtu anayetoboa makaratasi.

Udhaifu wa tano ni wa mikono. Zipo baruti za punje za mviringo zinazotiririka kwenye kimiminio bila shida, na zipo za vipande bapa vinavyopenda kukwama kooni, ganda hili likapata pungufu na linalofuata likapata ziada. Kama utatumia kimiminio cha mashine, pima kwa mizani kila baada ya maganda machache, na uchague baruti ambayo mashine yako inaipenda. Kama wewe ni wa kupima moja moja kwa kijiko na mizani, umbo la punje halikuhusu sana. Jitazame kwanza wewe ni mtu wa namna gani, kisha ndipo utazame ukuta wa makopo.

Ukishanunua, iache ndani ya kopo lake la asili. Makopo yale yametengenezwa yakatike mapema yakishika moto, ili baruti iungue badala ya kupasuka. Mwenye kuihamishia kwenye chupa nene ya kioo au kopo la chuma la kukaza sana ametengeneza bomu akidhani anatunza vizuri. Kanuni za moto za huko kwenu zinaruhusu nyumbani ratili 20 za baruti isiyo na moshi ndani ya makopo ya asili. Ukizidisha hapo, unatakiwa sanduku la mbao nene. Wewe ratili moja inakutosha mwaka. Iwe pakavu, pasipo joto, mbali na jiko na mbali na watoto, na fataki zikae peke yake. Siku ukifungua kopo ukakuta harufu chachu ya kukata pua, au vumbi la rangi ya kutu, baruti hiyo imezeeka na kuoza. Usiihurumie kwa sababu uliinunua kwa pesa; fuata maelekezo ya mtengenezaji uiondoe.

Hayo ni ya Houston, ambako sheria inakuruhusu, duka linakuuzia, na jirani yako wa karibu yuko ng'ambo ya uwanja wa nyasi. Sasa tuje kwenye lile ulilolichomeka.

Kuna jambo moja kuhusu baruti ambalo nchi hii ililisoma mapema: anayeichagua na anayelipia uchaguzi huo mara nyingi ni watu wawili tofauti. Novemba 1914, Waingereza walipoteremsha jeshi lao kutoka India pale Tanga, askari wengi wa Mjerumani walikuwa bado wanabeba bunduki za mfano wa 1871, za baruti nyeusi. Miaka thelathini ilikuwa imepita tangu baruti isiyo na moshi ivumbuliwe, na Wajerumani wenyewe huko kwao walishaiacha ile ya kale, lakini aliyeketi ofisini aliona kwa makoloni inatosha. Askari, kijana wa Kinyamwezi au wa Kisukuma, akipiga risasi moja tu, wingu jeupe lilisimama juu ya kichaka chake na kumwambia adui alipo. Walishinda Tanga pamoja na moshi wao, wakateka bunduki mpya za Waingereza na kuzishukuru. Aliyechagua baruti ile hakuvuta moshi hata siku moja. Ukipita Mtaa wa Samora utazame yule Askari wa shaba aliyesimama pale tangu 1927, na ukumbuke kwamba silaha aliyopewa ilikuwa ni uamuzi wa mtu mwingine. Na mitaa hii tunayolala ilikuwa kambi ya wapagazi wa vita hivyo hivyo, watu waliobebeshwa masanduku ambayo hawakuulizwa ndani mna nini.

Ukiweka kopo lako chumba cha juu, wewe ndiye utakuwa yule wa ofisini. Watakaobeba ni wapangaji.

Umesahau nyumba hii ilivyo, au umeikumbuka kwa mapenzi tu. Chini kuna maduka mawili, moja limejaa vitenge mpaka dari na jingine vyombo vya plastiki. Ghorofa ya kwanza fundi cherehani ana pasi inayowaka tangu asubuhi mpaka magharibi. Jirani wa pili anapikia gesi, wa tatu bado anapikia mkaa kwenye varanda, na nyaya za umeme zimeungwa na kuungwa tena mpaka fundi mwenyewe hajui wapi pa kuanzia. Ngazi ni moja. Nje, kuanzia Msimbazi mpaka Kongo, machinga wamepanga meza, mikokoteni inagombana na bajaji, na gari la zimamoto likija litapiga king'ora mpaka likauke. Soko letu kuu, lile alilolichora Beda Amuli na ambalo sote tulijivunia miaka ya 1970, liliungua Julai 10, 2021, tena ni jengo lenye barabara pande zote. Novemba 16, 2024 ghorofa likaanguka hapa hapa Kariakoo asubuhi na kuua watu wengi. Mtaa uliozika watu kwa zege na kuunguza soko lake hauhitaji mtu wa kuuongezea baruti.

Utasema, Babu, ratili moja si ghala la jeshi. Kweli kabisa, nami sitaki kukutisha kwa uongo. Kopo lako haliwezi kufanya yaliyofanyika Mbagala Aprili 29, 2009, wala Gongo la Mboto usiku wa Februari 16, 2011. Yale yalikuwa mabomu ya kambini. Lakini wewe ulikuwa mdogo, na sisi tulikuwepo. Kila mara watu zaidi ya 20 walikufa. Usiku ule wa Gongo la Mboto vioo vya madirisha vilitetemeka, safari za ndege zikasitishwa, watu wakatembea kwa miguu gizani na watoto mgongoni, na waliopotezana wakaenda kutafutana Uwanja wa Uhuru. Tangu hapo neno baruti katika mji huu halisikiwi kwa sikio la mchezo. Siku fundi cherehani atakapojua nini kiko juu ya kichwa chake, hatauliza ni ratili ngapi. Atahama, au atakwenda polisi, na vyovyote atakavyofanya atakuwa na haki.

Na polisi watakuwa na sheria mkononi. Silaha hapa inasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Unamiliki kwa leseni, unanunua risasi kwa leseni hiyo hiyo, na kutengeneza risasi bila kibali ni jinai, hata kama unatengeneza za kutobolea makaratasi. Baruti yenyewe ina sheria yake, Sheria ya Baruti, ambayo inataka vibali vya kununua, kusafirisha na kuhifadhi; wenye machimbo na migodi wanaijua vizuri. Hakimu hatasikiliza habari za klabu yako ya Houston. Na usijidanganye kwamba utakuja nayo kwenye begi. Risasi kamili mashirika ya ndege huweza kuzikubali kwa kibali na kwa uzito mdogo, chini kwenye mizigo. Baruti ya kopo na fataki huru hazipandi ndege ya abiria kwa namna yoyote. Ukikamatwa nazo uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, mimi ndiye nitakayepigiwa simu, na magoti yangu hayataki tena mabenchi ya kituo.

Basi ukirejea kwa kauli yangu ya mwanzo, utaona kuwa jibu la Kariakoo linatoka palepale lilipotoka jibu la Houston. Kule tulipima udhaifu wako wewe: unasahau, una haraka, unachanganya majina. Tukapata baruti inayouvumilia. Hapa udhaifu si wako peke yako. Kuna wa pasi ya fundi, wa nyaya, wa ngazi moja, wa joto hili letu la Januari lenye unyevu, wa mtoto wa mpangaji anayefungua kila kabati, na wa Babu yako anayesahau hata miwani iliyo usoni. Hakuna kopo duniani lililotengenezwa kuvumilia yote hayo kwa pamoja. Baruti ya kuchagua Kariakoo ni kutokuwa nayo.

Najua unavyonuna, umerithi kwa mama yako. Nisikilize. Ukirudi na ukataka kuendelea na shabaha, iko njia ya halali: omba leseni polisi kwa jina lako, uhakikiwe kama wanavyohakikiwa wengine, nunua risasi za kiwandani kwa muuzaji mwenye kibali, na upige mahali palipotengwa na kuruhusiwa. Zitakuwa ghali, na utapiga chache. Kupiga chache si hasara kwa mtu anayejifurahisha. Mwenye risasi kumi hulenga kumi, mwenye mia hulenga tano za kwanza na zilizobaki anazimwaga. Mashine yako ya kujazia mwachie rafiki wa klabu, na kopo lililobaki lisikae na mtu asiyejua kulitumia.

Kwa sasa, ukiwa bado uko huko, fanya hivi. Usinunue kitu wiki hii. Chukua karatasi, andika udhaifu wako bila kujionea haya: saa ngapi unachoka, nani hukupigia simu usiku, mara ngapi umeacha jiko linawaka. Kisha tafuta kwenye klabu mtu mzima aliyejaza risasi kwa miaka na bado ana vidole vyote, ukae mezani kwake unatazama tu, bila kugusa, mpaka akwambie gusa. Ndipo ufungue kitabu cha mtengenezaji, uone ni baruti zipi zimetajwa kwa ganda lako na kichwa chako, uziondoe zinazojificha chini ya ganda, uziondoe zile ambazo mashine yako haizipendi, na itabaki moja au mbili.

Unijibu kwa jina la hiyo utakayoichagua na sababu yake. Sababu ikiwa ni nguvu au bei, jiandae kusoma waraka mwingine mrefu kuliko huu.

Bibi yako anakusalimu, na bado anataka ule ujumbe ufutwe.